Njaa Ilikuwa Mezani: Historia Iliyotungwa ya Ubao wa Nyama na Jibini

Kila Desemba picha ni ileile. Ubao mrefu wa mti, vipande vyembamba vya nyama vimekunjwa kama maua, jibini jeupe na la njano limepangwa kwa mstari, zabibu, karanga, kibakuli cha asali, na majani kidogo ya kupambia. Hakuna moto wala sufuria. Mwenye nyumba anapanga tu, wageni wanadonoa wamesimama, glasi mkononi. Ndiyo sherehe ya Krismasi na Mwaka Mpya kwa nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, na kupitia Instagram imeshatufikia na sisi. Maelezo chini ya picha nayo hayabadiliki: chakula cha asili, chakula cha kijijini, chakula cha mababu.

Swali langu ni moja tu: mababu gani hao?

Nauliza kwa sababu ubao huu una historia mbili. Moja ni kongwe sana, nayo haijawahi kuwa ya kifahari hata siku moja. Nyingine ilianza juzijuzi, katika ofisi zenye watu wa matangazo. Ile ya pili ndiyo inayosimuliwa, na imeketi juu ya ile ya kwanza mpaka imeifunika.

Tuanze na ile kongwe. Wasomaji wasiokula nguruwe wanivumilie kidogo, maana bila mnyama huyu habari hii haisimuliki. Wale wa kitimoto, karibuni.

Kitabu cha zamani zaidi cha nathari ya Kilatini kilichotufikia kizima ni cha Cato, mwanasiasa wa Roma, kilichoandikwa miaka ya 160 hivi kabla ya Kristo. Ni kitabu cha kilimo. Kina habari za mizabibu, mizeituni, mashamba na watumwa. Na unajua kinaishia wapi? Kinaishia kwenye paja la nguruwe. Cato anaeleza namna ya kulipanga paja kwenye mtungi pamoja na chumvi, kuligeuza baada ya siku kadhaa, kulitoa siku ya 12, kulifuta chumvi, kulipaka mafuta, kulitundika penye moshi. Ukifanya hivyo, anasema, wadudu hawataligusa. Hasemi lolote kuhusu utamu. Hofu yake ni wadudu.

Hapo ndipo nyama ya ubaoni ilipozaliwa. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyama, na bakteria bila maji hawana maisha. Moshi unakausha zaidi. Watu wa pwani yetu hawahitaji somo hili, wamelijua kwa papa ng'onda tangu enzi za majahazi. Watu wa kaskazini ya Kenya nao wana nyirinyiri yao, nyama iliyokaangwa ikakauka na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Kila mahali hoja ni ileile: leo nyama ipo, kesho haitakuwepo.

Ulaya ya kaskazini ilikuwa na sababu ya ziada, nayo ni baridi. Majani yakiisha shambani, huwezi kuwalisha wanyama wote mpaka majira ya kuchipua. Kwa hiyo unachagua wa kubaki, na wengine unawachinja. Mtawa Bede, aliyeandika huko Uingereza mwaka 725, anatuambia kwamba Waingereza wa kale waliuita mwezi wa Novemba kwa jina lenye maana ya mwezi wa kuchinja na kutoa kafara. Kilicholiwa Desemba kilikuwa kile ambacho hakikutiwa chumvi kwa wakati, au kile kilichoanza kuwa tayari. Sherehe iliangukia pale ambapo ghala limejaa, kabla ya miezi ile mirefu ambayo ghala linapungua kila siku.

Jibini nalo ni ndugu wa paja la nguruwe. Maziwa ya kiangazi hayafiki Januari yakiwa maziwa. Unayagandisha, unayakamua maji yake, unatia chumvi, unayabana, unayaweka. Lita 10 hivi za maziwa zinakupa kilo moja tu ya jibini gumu, lakini kilo hiyo inaweza kukaa mwaka mzima. Kwa hiyo ukiutazama ubao wa Desemba kwa macho ya mtu wa karne ya 14, huoni pambo. Unaona hesabu ya ghala.

Karne hiyo ya 14 ninaitaja kwa makusudi. Kuna shairi refu la Kiingereza cha wakati huo, Piers Plowman, linalohusishwa na William Langland. Piers ni mlimaji, mtu wa plau. Katika sehemu moja ya shairi, wavivu wanakataa kufanya kazi shambani, na Piers anamwita Njaa aje awaadhibu. Njaa, ambaye humo ni mtu kamili mwenye mikono na tumbo, anawapiga mpaka wanashika majembe. Sasa Piers anamshukuru na kumwomba aende zake. Njaa anakataa. Hatoki mpaka ale.

Piers analazimika kutaja alichonacho nyumbani. Hana senti ya kununulia kuku, bata wala nguruwe. Ana jibini mbili mbichi, maziwa ya mgando kidogo, mkate wa shayiri, na mikate ya maharage na pumba aliyowaokea watoto. Nyama ya nguruwe ya chumvi? Anaapa hana. Na hivyo vichache anatakiwa avifikishe hadi mavuno ya Agosti.

Hicho ndicho chakula cha mlimaji kama fasihi ya wakati wake ilivyokiandika. Mgeni wa mezani ni Njaa mwenyewe. Na Langland hakuishia hapo. Mavuno yanapofika na Njaa akashiba akalala, vibarua walewale wanaanza kuchagua. Mboga za jana hawazitaki. Nyama ya chumvi hawaitaki. Wanataka nyama mbichi iliyopikwa sasa hivi, tena ya moto. Yaani mtu aliyepata nafasi ya kuchagua alikikimbia kwanza kile ambacho leo kinapangwa kama maua na kupigwa picha.

Turuke sasa hadi karne ya 20, kwa sababu mlimaji huyu anarudi, akiwa amevalishwa nguo nyingine.

Mwaka 1941, katikati ya vita, Uingereza ilianza kugawa jibini kwa mgao. Kiwango kilianza na wakia moja, gramu 28 hivi, kwa mtu kwa wiki. Baadaye kilipanda na kushuka, lakini mgao haukuisha vita vilipoisha. Uliendelea hadi Mei 1954. Muda wote huo maziwa yalielekezwa kwenye jibini gumu la aina chache lililotengenezwa viwandani kwa kanuni za serikali, na watu walilibatiza jina la jibini la serikali. Mashamba mengi yaliyokuwa yakitengeneza jibini lao, kila moja na ladha yake, yaliacha na hayakurudi tena. Kizazi kizima kilikua bila kujua kwamba jibini linaweza kuwa na ladha zaidi ya moja.

Hebu fikiria tatizo la wauza maziwa mwaka 1955. Jibini lipo, lakini wateja wamesahau kulila. Ikaundwa Ofisi ya Jibini, kazi yake ikiwa kuwakumbusha. Kuanzia mwaka 1956 ofisi hiyo ililenga baa: mkate, jibini, achari na bia, mezani pamoja. Mwaka 1957 jarida la chama cha watengenezaji bia lilitaja mlo wa namna hiyo kwa jina lililokuja kuwa maarufu, chakula cha mchana cha mlimaji. Miaka ya 1960 Bodi ya Masoko ya Maziwa ikalisukuma jina hilo nchi nzima. Kufikia miaka ya 1970 ulikuwa huwezi kuingia baa ya kijijini Uingereza ukakosa sahani hiyo, au ubao, ukielezwa kwamba hivi ndivyo walimaji walivyokula karne na karne.

Tuwe wakweli, haukuwa uongo mtupu. Vibarua wa mashambani walikula kweli mkate na jibini na kitunguu, kwa sababu havihitaji moto na vinabebeka. Hata maneno yenyewe yalikuwepo: John Lockhart, akiandika maisha ya mwandishi Walter Scott mwaka 1837, alitumia maneno yanayokaribiana sana na hayo. Kilichotungwa ni hisia. Mlo wa mtu asiye na nafasi ya kuchagua uligeuzwa kuwa picha ya amani ya kijijini, jua la mchana, farasi anapumzika, mlimaji ametosheka. Njaa aliondolewa mezani, na kiti chake akapewa mtalii.

Mtu aliyeliona hili vizuri alikuwa mwandishi wa riwaya. Ian McEwan aliandika filamu iliyotoka mwaka 1983, ikaongozwa na Richard Eyre, na jina lake ni lilelile la mlo huu: The Ploughman's Lunch. Mhusika mkuu, James Penfield, ni mwandishi wa habari wa redio London. Anaandika kitabu kuhusu mgogoro wa Mfereji wa Suez wa mwaka 1956, na anakiandika kwa namna ya kuisafisha aibu ya taifa lake, huku vita vya Falklands vya mwaka 1982 vikiendelea kuwapa watu hamu ya kusikia hadithi za ushujaa. Ndani ya filamu mtu wa matangazo anamwonesha sahani ya baa na kumweleza kwamba mila hii ilitungwa na wauzaji. Penfield anasikia. Haimzuii kuendelea kuandika kitabu chake.

Kama mwandishi wa habari, sehemu hiyo huniuma kuliko nyingine zote. McEwan hasemi kwamba wauza jibini ni waovu. Anasema kwamba anayeweza kukutungia mlo wa mchana wa babu yako anaweza pia kukutungia vita vya babu yako, kwa kutumia zana zilezile: ukweli kidogo, picha nzuri, na watu ambao kumbukumbu yao ilikatwa kwa miaka kadhaa.

Mwaka huohuo wa 1983 kilitoka kitabu kuhusu jambo hilihili, na hapa habari inapita kwetu. Kinaitwa The Invention of Tradition, na wahariri wake ni Eric Hobsbawm na Terence Ranger. Kinaonesha jinsi mila nyingi zinazodaiwa kuwa za kale, kuanzia sketi za Waskoti hadi sherehe za kifalme za Waingereza, zilivyo na umri mdogo. Ranger alikuwa amefukuzwa Rhodesia mwaka 1963, akaja kufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi mwaka 1969. Sura yake ilihusu Afrika chini ya ukoloni. Anaeleza namna maofisa wa kikoloni, wakishirikiana na baadhi ya wazee, walivyochukua desturi zilizokuwa zikibadilika kila siku, wakaziandika, wakazigandisha, kisha wakaziita sheria za kimila zisizobadilika. Ikishaandikwa hivyo, mwanamke au kijana aliyekuwa na hoja tofauti anaambiwa anapingana na mababu.

Linganisha na ubao. Bodi ya Maziwa ilitaka kuuza jibini, mkoloni alitaka kutawala, na wote wawili walihitaji babu mmoja mtulivu asiye na maswali.

Lakini Ranger hakubaki hapo, na ndiyo maana namheshimu. Mwaka 1993 alirudi kwenye hoja yake akakiri kwamba neno "kutunga" linawapa watungaji nguvu kupita kiasi, kana kwamba watu wengine walipokea tu. Mila, alisema, hufikiriwa na wengi na kwa muda mrefu, na kila anayeipokea huigeuza. Hata huko Uingereza, mlo uliotungwa ili kuuza jibini la kiwandani ulikuja kuwapa watengenezaji wadogo wa mashambani mahali pa kuuzia jibini lao, walipoanza kurudi kwenye kazi hiyo. Kitu cha kutungwa kikapata maisha yake.

Kwa hiyo sisemi watu wavunje mbao zao. Ukialikwa, kula. Ukiweza kuandaa, andaa: nyama ya chumvi, jibini gumu na laini, kitu kichachu cha kukata mafuta, mkate, matunda. Ni chakula kizuri, na ukarimu wa kudonoa pamoja sahani moja hauna haja ya kutetewa mbele ya watu waliokulia kwenye sinia. Ninachoomba ni kwamba tusikubali neno "asili" lipite hivihivi, liwe limeandikwa chini ya picha ya jibini au kwenye hotuba ya mheshimiwa anayetueleza mila zetu. Tuulize ni nani aliyeandika, mwaka gani, na alikuwa anauza nini. Halafu tumtafute Piers na jibini zake mbili mbichi, na tumtafute Njaa. Bila shaka naye alikuwepo, na mara nyingi yeye ndiye aliyeviweka vitu hivyo mezani.