Mwanafunzi mwenye daftari kambini: sheria iliyozaliwa Tuskegee

Mwanafunzi wa chuo kikuu akiingia kambini kuuliza habari za vita, magonjwa au ubakaji, mkimbizi wa ndani ana haki ya kukataa. Haki hiyo ina historia chungu.

Mwaka 1932, huko Tuskegee, Marekani, idara ya afya ya serikali ilianza kuchunguza wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini. Kati yao, 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli; waliambiwa tu wana "damu mbaya", wakapewa chakula na ahadi ya kulipiwa mazishi. Mazishi, si matibabu! Hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida, walinyimwa. Miaka 40 ikapita, hadi magazeti yakafichua mambo mwaka 1972.

Mwaka 1974 sheria ikaagiza vyuo na hospitali zilizoomba fedha za serikali kwa utafiti juu ya watu ziwe na kamati ya kuupitia. Kamati za namna hiyo zimeenea nchi nyingi. Huuliza: mtu ameelezwa kwa lugha anayoielewa? Jina lake litalindwaje? Akikataa, atapoteza kitu?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kambini, kwani kila mwenye daftari hudhaniwa analeta msaada. Daftari la mwanafunzi si orodha ya chakula.