Kiunzi cha Chuma na Kazi Yake Katika Upanuzi wa Nyumba

Kiunzi cha chuma kilichoundwa kiwandani ni mfumo wa nguzo, boriti na vipande vya ukuta ambavyo hukatwa, hutobolewa na mara nyingi huunganishwa kabla ya kufika mahali pa ujenzi. Kikifika husimamishwa juu ya msingi, hufungwa kwa bolti na skrubu, kisha huvikwa jipsamu kwa ndani na mabati au mbao za saruji kwa nje. Uzito wa paa, dari na sakafu ya juu hubebwa na kiunzi.

Mafundi wengi husema fremu, na hapo ndipo utata unapoanza. Dar es Salaam, fremu ni chumba cha duka cha kupangisha. Kwa seremala, ni mbao zinazoshika mlango au dirisha. Hakuna kati ya hizo inayobeba nyumba. Kiunzi kimetokana na kuunda kwa njia ileile iliyozaa mlinzi kutokana na kulinda, na kila aliyesoma biolojia anakijua kiunzi cha mifupa, kinachoubeba mwili mzima. Ndiyo maana neno hilo linafaa zaidi. Kwa sifa ya kuundwa kiwandani, neno la mkopo prifabu ni fupi, ila hujumuisha hata kuta za zege na nyumba za mbao zilizotengenezwa kwingine. Kiunzi tangulizi nacho huweza kudhaniwa kuwa ni mbao za muda zinazowekwa kabla ya kumwaga zege. Kilichoundwa kiwandani ni maelezo marefu, lakini hayamwachi msomaji njiani, na yakishatajwa mara moja kiunzi cha chuma kinatosha. Chuma cha pua ni vyema kiepukwe hapa: ni jina la zamani la chuma kigumu chenye kaboni kidogo, lakini siku hizi wauza sufuria hulitumia kwa chuma kisichoshika kutu, na mnunuzi angeweza kuamini kwamba kiunzi chake hakitapata kutu.

Viunzi viko vya aina mbili. Kizito hutumia boriti zenye umbo la I na nguzo zenye umbo la H, zilizofinyangwa chuma kikiwa bado cha moto. Chepesi hutokana na bati lililopakwa zinki, lenye unene wa takriban milimita 0.8 hadi 3, linalokunjwa likiwa baridi hadi lipate umbo la C au U. Mashine husoma vipimo kwenye mchoro wa kompyuta, hukata, hutoboa matundu ya nyaya na mabomba, na huchapa namba kwenye kila kipande ili fundi ajue kinakokwenda.

Faida ya kwanza katika ukarabati ni upana. Katika pwani ya Waswahili boriti ilikuwa mti wa mkoko, daraja moja la unene kati ya pau, mazio, boriti na nguzo. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3, kwa sababu mti haukufika mbali zaidi. Lakini Beit al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilizungushiwa baraza pana juu ya nguzo za chuma zilizosubiwa ng'ambo. Leo boriti moja ya chuma huruhusu ukuta kati ya sebule na jiko kuondolewa bila kuangusha kilicho juu yake, mradi mhandisi ameikokotoa na ncha zake zimekaa juu ya kitu imara.

Faida ya pili ni wepesi, na hii huonekana wazi zaidi mtu anapotaka kupandisha ghorofa. Ukuta wa matofali ya inchi 6 uliopigwa lipu pande zote mbili una uzito wa takriban kilo 350 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa kiunzi chepesi uliokwisha kuvikwa huwa na kilo 30 hadi 50. Hata hivyo msingi wa zamani lazima ufukuliwe mahali kadhaa na kukaguliwa kabla ya kuongezewa lolote. Wepesi una upande wake mgumu pia: upepo mkali hunyanyua jengo jepesi, hivyo kiunzi hufungwa chini kwa vyuma vya kushikilia.

Kazi ngumu kuliko zote ni kupima. Fundi akishusha timazi kwenye kona ya nyumba ya zamani, mara nyingi hukuta ukuta umelala sentimita moja au mbili, na pembe iliyodhaniwa kuwa mraba si mraba. Tofali hukatwa kwa mwiko palepale. Kiunzi hakina msamaha huo. Upana hupimwa chini, katikati na juu, na mishazari yote miwili hulinganishwa kabla ya kuagiza. Sehemu mpya huachiwa nafasi ndogo kati yake na ukuta wa zamani, kwa kuwa msingi mpya bado utatitia. Nafasi hiyo hujazwa kizibo kinachonyumbuka na kufunikwa bati la kuzuia mvua. Ikizibwa kwa saruji, ufa utafuata.

Zinki ya kiunzi chepesi, ambayo kwa kawaida ni gramu 275 kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili pamoja, huliwa kwanza ili chuma kisalie. Karibu na bahari chumvi huharakisha kuliwa kwake, na tabaka nene zaidi huhitajika. Kuchomelea huiunguza, kwa hiyo kiunzi chepesi hufungwa kwa skrubu, hata kama karakana ya kuchomelea iko mtaa wa pili. Chini ya kiunzi hutandikwa karatasi ya kuzuia unyevu wa zege.

Chuma hakiungui, lakini kikifikia nyuzi 550 hadi 600 za Selsiasi hubaki na takriban nusu ya nguvu yake. Jipsamu hukikinga kwa sababu karibu moja ya tano ya uzito wake ni maji, ambayo lazima yageuke mvuke kwanza. Jipsamu hiyo haibebi kabati, hivyo pale kabati za jikoni zitakapotundikwa, ubao wa kushikilia skrubu huwekwa kati ya nguzo kabla ya jipsamu kufungwa.