Shaba ya Mjerumani, kutoka Berlin hadi karakana ya Tabora

Wanaokusanya sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani wengi huanza kuulizia ile ya dhahabu, rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Ni nzuri kweli. Lakini aliyenunua chumvi sokoni hakuishika. Ukitaka habari za mtu wa kawaida, tafuta shaba.

Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata kampuni aliyoipiga vita, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ikaanza kutoa pesa zake za shaba, zilizopigwa Berlin hadi 1892. Igeuze moja mkononi. Upande huu kuna tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili ni Kiarabu kitupu, na mwaka ni wa Kiislamu: 1307, 1308 au 1309. Pesa 64 zilikuwa rupia moja, hesabu ileile ya pesa za Sultani Barghash wa Unguja. Naona kampuni ilijua kwamba tai peke yake hatapokewa na wachuuzi wa pwani.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikachukua yenyewe kazi ya kutoa sarafu na kubadili hesabu: rupia moja heller 100. Hizo ndizo hela za mwanzo, zenye taji upande mmoja na shada la majani upande wa pili. Tazama herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka mmoja wenye herufi tofauti ni sarafu mbili kwa mkusanyaji. Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu wala majivu! Rangi ya kahawia iliyojengwa na miaka mia na zaidi ikishatoka hairudi, na thamani huondoka nayo.

Kubwa kuliko zote ni heller 5 ya 1908 na 1909, pana milimita 37, uzito gramu 20. Ilikuwa mzigo. Baadaye heller 5 ikatengenezwa upya kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, ndogo, yenye tundu katikati.

Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli za Waingereza zikaziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani zikakatika, na mwaka 1916 mafundi wa karakana ya reli Tabora wakapiga heller 20 kwa metali yoyote iliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi na mizinga. Chini yake kuna herufi T. Mapigo yake hayalingani: taji huwa kubwa au dogo, na maandishi mara nyingine yamefifia upande mmoja. Nyingi ni za shaba ya manjano. Za shaba nyekundu ni chache zaidi, na ndizo ningezitafuta kwanza. Kazi hiyo ilikoma Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba mwaka huohuo.