Msikilizaji na Mkondo Uliohamishwa: BBC, 1978 na 2015

Makala haya yanakusudia kulinganisha mabadiliko mawili katika historia ya utangazaji nchini Uingereza. Yote mawili yaliwaudhi wasikilizaji, lakini udhia wenyewe haukuwa wa aina moja.

Tarehe 23 Novemba 1978 idhaa nne za BBC zilipangiwa masafa mapya. Chanzo kilikuwa mapatano ya Geneva ya mwaka 1975, yaliyogawa upya masafa marefu na ya kati katika Ulaya, Afrika na Asia. Radio 4 ilihamia mita 1500, mahali pa Radio 2. Wenye redio ndogo zisizokuwa na masafa marefu walipata hasara. Wengi waliosalia, hata hivyo, walikuwa na dawa mikononi mwao: kuzungusha kitufe mpaka sauti waliyoizoea isikike.

Mwaka 2015 mambo yalikuwa mengine. Mwezi Februari BBC iliacha kurusha matangazo yake ya intaneti kwa mfumo wa Windows Media, ikashika mifumo mipya kama vile HLS. Redio nyingi za intaneti majumbani zikanyamaza. Hazikuharibika, zilikosa tu programu ya kufasiri mfumo huo. Hapakuwa na kitufe cha kuzungusha. Mwenye chombo alilazimika kumngojea mtengenezaji, ambaye pengine alikwisha kukiacha chombo hicho. Mfumo wa SHOUTcast uliowekwa kuwasaidia wenye vyombo vya zamani nao uliondolewa mwaka 2023, na malalamiko yakarudi.

Haki yadai tuseme kwamba shirika nalo lilikuwa na hoja: kuendesha mifumo kadhaa sambamba ni gharama, na mfumo mkongwe hauna budi kustaafu. Lakini hoja hiyo haigusi kiini cha lalamiko. Mwaka 1978 kilichohama ni mahali pa sauti. Mwaka 2015 kilichobadilika ni lugha ambayo vyombo vilizungumza.

Kiswahili chatusaidia kuliona jambo hili. Twasema redio "inashika" au "haishiki" stesheni fulani. Kitenzi hicho chakipa chombo, na mkono ulio juu ya kitufe, uwezo wa kutenda. Katika utangazaji wa intaneti msikilizaji hashiki kitu. Hupewa, na aliyempa aweza kuacha kumpa. Wasikilizaji wa mwaka 2015 walilalamikia kupotewa na uwezo huo, zaidi ya kupotewa na kipindi.