Motokaa ya Umeme na Bei Yake

Huenda wewe, msomaji, wadhani kuwa motokaa ya umeme ni jambo jipya. Sivyo. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda motokaa 4,192. Katika hizo 1,575 ziliendeshwa kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Zilizosalia zilikuwa za mvuke. Motokaa ya umeme haikutoa moshi wala kelele, wala dereva wake hakuhitaji kuzungusha hendeli.

Mbona basi ilishindwa? Itazame bei. Mwaka 1908 Henry Ford alianza kuuza Model T kwa dola 850. Kufikia 1925 ilipatikana kwa dola 260. Tena, mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitia mota ya kuwashia injini, umeme wenyewe ukawa msaidizi wa petroli. Motokaa ya umeme ilibaki ya matajiri, kwa kuwa betri yake ilikuwa nzito, ghali, na haikufika mbali.

Siku hizi kuna betri za lithiamu. Mwaka 2010 betri ya kuweka uniti moja ya umeme iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2023 haikufika 150. Nasi Kenya twanunua petroli ng'ambo, ilhali umeme wetu mwingi hutoka katika joto la ardhini, kama kule Olkaria, na katika mito na upepo.

Basi usiulize kama motokaa hiyo yaweza kwenda, maana ilikwenda zamani. Uliza ni lini mwalimu na mkulima wataweza kuinunua.