Chokaa, Simenti na Gundi ya Vigae

Leo tutajifunza historia ya vitu vinavyoshikisha mawe na vigae. Wekeni kalamu karibu, maana mwishoni tutafanya hesabu.

Zamani Wanyaturu walijenga tembe kwa miti na udongo. Pwani, watu walijenga kwa mawe. Huko Kilwa, katika karne ya 14, jumba la Husuni Kubwa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Mafundi walichoma matumbawe yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, wakaichanganya na mchanga.

Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yako makaburi ya kale yenye nguzo. Katika nguzo hizo mafundi walipachika mabakuli ya kaure kutoka China. Kaure ni laini, hainywi maji. Ni vigumu kuishikisha. Lakini bakuli lilizamishwa ukutani, na chokaa ikalikumbatia pande zote.

Kigae cha leo ni bapa. Hakizami, kinashikwa kwa mgongo tu. Hapo ndipo shida ilipo.

Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Uingereza alipata hataza ya simenti iitwayo Portland. Hapa kwetu kiwanda cha kwanza cha simenti, cha Wazo Hill, kilianza kazi mwaka 1966. Simenti na mchanga hushika vizuri kigae cha udongo kinachokunywa maji. Kigae cha kaure kinahitaji gundi ya vigae, yaani simenti na mchanga laini vilivyotiwa dawa ya kunata.

Sasa hesabu. Chumba kina mita 3 kwa mita 4. Zidisheni: mita 12 za mraba. Tuseme mfuko umeandikwa kuwa mita moja ya mraba hula kilo 5. Basi 12 mara 5 ni kilo 60. Mfuko ukiwa wa kilo 20, nunueni mifuko 3. Sakafu yenye mabonde hula zaidi, isawazisheni kwanza.

Tandazeni gundi mgongo mzima wa kigae. Ukiweka madonge manne tu, katikati hubaki utupu, na kigae huvunjika kikiangukiwa na sufuria.

Ndugu zangu, anayejua kusoma mfuko hapotezi fedha zake. Zoezi: chumba cha mita 4 kwa 5 kitahitaji mifuko mingapi? Jibu tutalisahihisha katika somo lijalo. Kwaherini.