Reli ya Tanga: Njia Iliyotazama Pwani

Mtu akitaka kujua nia ya mjenzi wa njia, na aitazame njia yenyewe: inatoka wapi, inakwenda wapi, na inapita mlangoni kwa nani. Kwa kipimo hicho tuitazame reli itokayo Tanga kwenda Moshi, ambayo Wajerumani waliiita reli ya Usambara. Ndiyo reli ya kwanza kulazwa katika nchi yetu, na vijana wengi huijua kwa jina tu.

Kabla ya reli, mizigo ya bara ilishuka pwani vichwani mwa watu. Misafara iliyotoka Tanga na Pangani kwenda Kilimanjaro ilifuata bonde la mto Pangani, kila mpagazi akiwa na mzigo wa kama frasila mbili. Njia hizo zilikuwa za wenyeji. Reli ilipokuja, haikuivumbua njia mpya, bali ilifuata kwa sehemu kubwa nyayo zilizokwisha kukanyagwa.

Mwaka 1891 iliundwa kampuni huko Ujerumani kwa ajili ya kazi hiyo, na mwezi wa Juni 1893 ujenzi ukaanza Tanga. Wenye kampuni waliota ndoto ya kufika Ziwa Victoria. Lakini kufikia mwaka 1896 reli ilikuwa imefika Muheza tu, kilomita 40 kutoka bandarini, na fedha zikawa zimekwisha. Mwaka huo huo Waingereza walianza kujenga reli yao kutoka Mombasa, nayo ikafika ziwani mwaka 1901. Serikali ya Ujerumani, kwa kuchelea kuachwa nyuma, iliichukua reli ya Tanga mwaka 1899 na kuiendeleza. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, na Moshi 1911. Hivyo kilomita 352 zilichukua miaka 18. Haba na haba hujaza kibaba, ila katika kibaba hiki jasho lilikuwa la mtu mmoja na nafaka ya mwingine.

Ni nani aliyeinua tuta, akapasua mawe na kubeba mataruma? Vitabu vya zamani hutaja majina ya magavana na wahandisi. Wale waliozishika sululu hutajwa kwa neno moja tu: vibarua. Wengi wao hawakuitafuta kazi hiyo kwa hiari. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilitangaza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha hakuwa na budi kuzitafuta kwa mgeni. Kisha katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo sasa ni Lushoto, ikaletwa kadi ya kazi mwaka 1907. Kila mwanamume aliyepewa kadi alitakiwa kumtumikia mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne. Reli ilihitaji mikono, na mashamba yaliyoota kandokando yake yalihitaji mikono zaidi.

Katika mashamba hayo zao lililotawala lilikuwa mkonge. Mwaka 1893, mwaka ule ule ujenzi ulipoanza, Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Kutokana na michache hiyo mkonge ulienea Tanga, Muheza na Korogwe. Bila reli zao hilo zito lisingefika melini kwa faida. Hapa nia ya wajenzi inaonekana waziwazi. Stesheni nyingi ziliwekwa kwa manufaa ya shamba na bandari, si kwa kuunganisha kijiji na kijiji. Hata mji wa Moshi tunaoujua leo ulikua bondeni mwisho wa reli, na makao ya zamani ya Mamangi yakabaki mlimani kwa jina la Old Moshi.

Njia iliyopeleka mkonge ilipeleka pia vita. Waingereza walipoishambulia Tanga mwezi wa Novemba 1914, majeshi ya Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa askari Waafrika, yaliteremshwa kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi, nayo yakawashinda wavamizi waliowazidi kwa idadi. Lakini mwaka 1916 Waingereza waliiteka reli yote. Walikuwa wamekwisha kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi, nchini Kenya, hadi Kahe, karibu na Moshi.

Hapa msomaji na asimame kidogo na kuitazama ramani. Wajerumani walijenga pia reli ya kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Reli hizo mbili zilikuwa katika koloni moja, na upana wake ulikuwa ule ule wa mita 1, lakini hazikukutana. Reli ya Tanga iliungana na Mombasa kabla haijaungana na Dar es Salaam! Waingereza waliirefusha hadi Arusha mwaka 1929, wala hawakuiunganisha na reli ya kati. Kila moja ilikuwa kama mfereji uteremshao mali baharini, na kwa mfereji si lazima kumjua jirani yake.

Hata hivyo, garimoshi halikuwabeba watu bila fikra zao. Katika mji wa Tanga, mwaka 1922, watumishi Waafrika wa serikali waliunda chama chao. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli nchini waligoma kwa siku 82 wakidai haki. Waliojengewa njia ya kutumikishwa waliitumia kujuana.

Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Mwaka 1963, miaka miwili tu baadaye, ilifunguliwa reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi. Kipande hicho hakina sifa kubwa katika vitabu, lakini kwa maoni yangu ndicho kilichoibadilisha reli ya Tanga. Kwa mara ya kwanza behewa liliweza kutoka Moshi hadi Kigoma bila kuivuka mipaka ya nchi. Njia iliyotazama bahari tu sasa ilimtazama na jirani.

Miaka ya baadaye haikuwa myepesi. Magari ya barabarani yaliipokonya reli mizigo, na kwa miaka mingi majani yaliota juu ya vyuma vya kaskazini. Mwaka 2019 safari za Moshi zilifufuliwa, na mwaka 2020 garimoshi likafika tena Arusha.

Mwalimu aliye karibu na reli hii na awapeleke wanafunzi wake wakaliangalie tuta lake. Majina ya walioliinua kwa mikono hayakuandikwa penye jiwe lolote. Lakini baadhi ya wajukuu wao wangali hai Korogwe na Muheza, na yafaa waulizwe mapema.